Kigae cha Juni 1981

Kamouraska, Oktoba

Kaka Lucien,

Paa limekwisha, la bati jekundu, linang'aa hadi jirani ananuna. Ila darini ni balaa. Mafundi walinionya nifunike vitu kabla hawajabomoa vigae vya mbao, nikajitia mjuaji. Sasa vipande, misumari na vumbi la miaka arobaini vimejaa kila mahali, mpaka kwenye boksi la sanamu za Noeli. Yosefu nimemkuta na msumari kifuani, seremala kamili.

Lakini sikia. Jana, katika kuzoa, niliokota kigae chenye mwandiko wa Baba kwa penseli: "Juni 1981. Nimeezeka na Lucien. Mkono wake mzuri kuliko wangu." Baba yuleyule ambaye tangu mgombane, ukaondoka, anaapa kwamba aliezeka peke yake. Nilishuka ngazi mbio, nikasahau magoti yangu.

Alikitazama mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akauliza, "Huko juu bado kuchafu?"

"Kuchafu sana, Baba."

"Basi usiguse tena. Mwambie mwenzangu aje tumalize kazi yetu."

Ndoo mbili nimeshaziweka chini ya ngazi.

Mdogo wako,
Odile