Kila Ua Linalofunguka

Jumatatu, 3 Machi

Jana Shangazi aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Wa kulia — ule wa mkasi. Amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Wiki sita. Hospitali hakulia. Amelia leo asubuhi, alipotoka uani na kukuta ua la kwanza la vanila limefunguka.

Miaka minne anaulea mmea huo. Alikuja nao siku aliyohamia kwetu, kipande cha shina kilichoviringishwa kwenye gazeti, pamoja na cherehani yake. Akauotesha chini ya neti ya kivuli, kati ya ukuta na kamba za kuanikia nguo, kwa kuwa jua kali huuunguza. Sasa umepanda nguzo, ukashuka, ukapanda tena. Baba anataka kuweka tangi la maji pale pale. Mwaka jana walikubaliana mbele yetu sote: usipozaa msimu huu, tangi.

Ua likifunguka asubuhi, mchana limeshanyauka. Na huku kwetu, anasema Shangazi, hakuna mdudu anayeijua kazi hiyo, kwa hiyo lazima mtu alichavushe kwa mkono. Mkono upi sasa?

Mezani kila mtu aliangalia sahani yake. Nikasikia sauti ikisema, nitafanya mimi. Ilikuwa yangu. Mpaka sasa sijui ilitoka wapi.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mimi nikasimama na kijiti cha kuchokolea meno. Unachana mdomo wa ua. Unainua kwa kijiti kile kiwambo kidogo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike. Unakandamiza kwa dole gumba. Basi. Akaniambia nifanye kama anavyopiga bandi, ile mishono ya kushikiza, kwenye kitambaa laini, kugusa tu, bila kuvuta.

Ua la kwanza nililichana lote. Likabaki mkononi kama tishu iliyolowa. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akasema tu, lingine.

La pili sijui kama limekubali. Hakionekani kitu! Unagusa, unaondoka, halafu unasubiri.

Nimemuuliza nichavushe mangapi kwenye kila kichala, maana vichala ni vitano na kila kimoja kina matumba kama kumi na saba, kumi na nane. Akanitazama mikono.

"Gusa kila ua linalofunguka, mwanangu. Mkono wako bado mgeni, mengi yataharibika. Tukipata kumi tutashukuru."

Alipojifunza yeye, ujanani, shambani kwa mwajiri wake, msimu mzima alipata mawili. Nimelala nikiwaza hayo mawili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechelewa shule mara ya nne. Mwalimu wa biolojia akaniuliza sababu nikiwa bado mlangoni. Ningeweza kusema tumbo. Nikasema: nilikuwa nachavusha.

Kicheko kilifika darasa la jirani. Mwalimu hakucheka. Akanipa chaki, akasema nichore. Nikachora ua, mdomo wake, kiwambo, kijiti. Nikaeleza. Nadhani nilieleza dakika kumi, na hakuna aliyecheka tena. Mwishoni mwenzangu wa dawati akauliza kama ua linaumia. Mwalimu akasema swali zuri, maana yake hajui.

Sijui nani alimpelekea Kaka habari. Tangu niingie nyumbani ananiita Mkunga. Ameuliza kama mama na mtoto wanaendelea vizuri.

Jambo moja silielewi. Mbele ya darasa mkono haukutetemeka. Mbele ya ua mkono hautetemeki tena. Unatetemeka mtu akinisifu. Kwa nini iwe hivyo?

Jumatano, 12 Machi

Ua lililokataa hudondoka. Lililokubali hunyauka lakini linang'ang'ania, na nyuma yake kikonyo kinaanza kurefuka — hicho ndicho kitakuwa tunda.

Yaliyodondoka: hakuna. Lile la Jumatatu ambalo hakuna aliyeligusa, na lile nililolichana, basi.

Shangazi hakuniamini. Akaja mwenyewe, akayapapasa moja moja kwa mkono wa kushoto. Halafu akacheka, akaomba kalamu yangu, akaandika juu ya plasta: 31. Kwa mkono wa kushoto, namba kama za mtoto wa chekechea.

Sasa kila jioni anafuta kwa kukwaruza na kuandika mpya.

Jumapili, 23 Machi

Maua yamekwisha. Vichala vitano, matunda themanini na tatu! Yananing'inia kama maharage mabichi yaliyofungwa kwa mafungu.

Baba alileta wageni uani baada ya chakula. Akawaonyesha, akasema "vanila zetu". Zetu! Ile futi yake, aliyokuwa anapimia nafasi ya tangi, imerudi kwenye droo ya jikoni. Nimeiona.

Shangazi amewaambia majirani wote, na daktari wa mifupa pia, kwamba mkono uliochavusha ni wangu. 83 imeandikwa kwenye plasta kwa kalamu ya wino usiofutika. Nilipita karibu na dirisha lake nikamsikia anamwambia rafiki yake kwenye simu kwamba tangu aache kushonea watu hajawahi kuamka akiwa na hamu ya kuona kulivyokucha. Nikaondoka kimya. Mkono nikauweka mfukoni.

Jumatatu, 31 Machi

Ncha ya mmea imelegea.

Sijamwambia mtu. Majani mawili ya juu yamekunjamana, kama ngozi ya vidole ukikaa sana majini. Nilienda maktaba wakati wa mapumziko. Kitabu kimoja kinasema ni kiu. Cha pili kinasema ni maji mengi, mizizi inaoza. Cha tatu kina picha nzuri.

Nikamwagia. Nikajuta. Nikasogeza neti iingize mwanga zaidi. Nikairudisha. Udongo ni baridi na mwororo, kivuli ni kile kile cha miaka minne. Kimebadilika nini?

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechukua jani moja, nikaliweka katikati ya daftari la jiografia, nikaenda kwa muuza miche wa njia panda. Nilizunguka banda lake mara tatu kabla ya kuingia. Akasema nikimaliza doria nikaribie.

Hakuuliza maji. Hakuuliza kivuli. Aliuliza matunda mangapi, na kama ndiyo mara yake ya kwanza kuzaa. Nikamjibu kwa majivuno kidogo — themanini na tatu, mara ya kwanza.

Akaweka chini kopo la kumwagilia.

"Nani amekwambia uubebeshe yote hayo? Mmea huu haujui kukataa. Ukiupa themanini utabeba themanini, mpaka ukauke umesimama."

Nane kwa kila kichala, akasema, na hata hayo ni mengi kwa mmea mchanga. Mengine yakatwe sasa, yangali madogo. Nikamuuliza kama naweza kusubiri kidogo. Akasema ninaweza, ila nisirudi kumuuliza kwa nini umekufa.

Nilitembea kurudi bila kuona njia. Natafuta kosa liko wapi. Shangazi aliniambia gusa kila ua. Alisema hivyo kwa sababu aliamini nitaharibu mengi. Mimi sikuharibu. Nilifanya nilichoambiwa na nikakifanya vizuri. Ni kama hesabu ambayo kila mstari uko sawa halafu jibu siyo. Nimerudia mistari yote. Nani kakosea?

Na ningekuwa na mkono mbaya zaidi, mmea ungekuwa mzima leo. Hilo nalo niliweke wapi?

Jumatano, 9 Aprili

Arobaini yabaki. Arobaini na tatu yakatwe. Nimeandika namba hizo pembeni mwa ukurasa wa kila somo.

Leo niliingia chumbani kwa Shangazi nimwambie. Mvua imefanya uani kuteleze na Baba amemkataza kutoka mpaka plasta itolewe, kwa hiyo yeye hajaona majani. Alikuwa anajifunza kupitisha uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto. Akaniuliza, kama kila jioni, wanaendeleaje wale. Nikasema wanakua. Ni kweli. Yanakua! Ndiyo tatizo lenyewe. Kisha nikasema nina mtihani, nikatoka. Mtihani sina.

Kaka alinikuta chini ya neti na mkasi wa jikoni. Ilibidi nimweleze. Kwa mara ya kwanza hakuniita Mkunga. Akasema nikate matano kila siku, nani atahesabu. Nikamwonyesha kwa kidole dirisha la Shangazi. Akakumbuka plasta.

Halafu akasema jambo ambalo sikulifikiria: Baba naye anaijua 83. Akikuta nusu, atasema mmea umeanza kushindwa, na futi itatoka kwenye droo. Kwa hiyo nikikata, huenda ukang'olewa. Nisipokata, unakauka. Nimesimama pale mpaka mkasi ukapata joto mkononi.

Sikukata hata moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Jani la tatu limekuwa njano. Lilidondoka nilipoligusa. Nimeliweka humu.

Kesho Shangazi anatolewa plasta. Atatoka uani, hilo halina ubishi. Nimefanya mazoezi ya sentensi ya kwanza mara nyingi. Shangazi, kuna kitu. Shangazi, samahani. Shangazi, ulisema kila ua. Hapana, hiyo ya mwisho hapana.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika nikiwa chini ya neti, juu ya ndoo. Niandike haraka.

Amerudi kutoka hospitali na plasta yake ndani ya mfuko. Walitaka kuitupa, akawaambia ina kumbukumbu. Hakupita hata chumbani. Mkono umekuwa mwembamba na una rangi ya mkono wa mtu mwingine. Nikamtangulia, nikasimama kati yake na mmea, na sentensi zangu zote zikapotea. Nikafungua daftari hili, nikampa lile jani la njano. Kisha nikamwambia yote, muuza miche, nane, arobaini na tatu, kwamba nimejua siku kumi na sikusema.

Aliligeuza jani mara nyingi.

"Nilijua kwamba hukatwa," akasema. "Nilikuwa najua. Nilidhani tu kwako hayatafika huko."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningejua la kufanya na uso wangu. Akaniuliza kama Baba anajua. Nikasema bado, anarudi saa kumi na moja. Akasema basi tutaanza kabla hajarudi, akishafika atatukuta tunafanya kazi na kazi itajieleza. Sijui kama hilo ni kweli. Sijui kama naye anaamini.

Akaniagiza mkasi wake. Ule wa kushonea, ambao hata Mama haruhusiwi kukatia karatasi. Akajaribu kuushika. Vidole vilikataa kufunga. Akajaribu tena. Kisha akanipa mimi. Ni mzito kuliko nilivyodhani.

Mpango ni huu: yeye anafunga uzi mwekundu kwenye tunda litakalobaki, manane kila kichala. Mimi nikate yasiyo na uzi. Anafunga polepole, mkono mpya unashika, wa kushoto unazungusha. Kila tunda analipima kwanza kwa kidole, kama anayechagua kitambaa.

Saa kumi na nusu. Bado yuko kwenye kichala cha kwanza. Nimehesabu nyuzi: kumi na moja.

Nimemwambia, Shangazi, ni nane.

Amesema anajua.

Lango limelia. Ni Baba, amewahi. Nimesimama na mkasi umefunguka mkononi, daftari nimelibana kwa kiwiko kwenye nguzo, naandika mstari huu wa mwisho vibaya — na Shangazi hajageuka. Anafunga la kumi na mbili.