Samoni na Karatasi ya Bandari

Baba, shikamoo. Umra tumemaliza salama, sasa tuko Jidda kwa shangazi.

Leo kwenye soko la samaki tulimkuta mama mmoja wa Marekani, wa kabila la wenyeji wa asili, akimkodolea macho samoni, samaki wa kwao, juu ya barafu. Shangazi akamtania, "Mnunue, bibi, hakuumi huyo!" Ikanibidi nitafsiri, na haya zangu zote. Mama akacheka. Alisema kwao samoni wa kwanza wa msimu huliwa na kijiji kizima, kisha mifupa hurudishwa mtoni. Wazee wao walipoitoa ardhi kwa serikali, waliandikiana mkataba kwamba watavua katika mto ule daima. Miaka mingi baadaye wajukuu wao walikamatwa wakivua, na mkataba huo ndio uliowatetea mahakamani. Hadi leo wanautumia kupigana ili mabwawa ya umeme yasiwamalize samaki.

Baba, karatasi ya bandari mpya, ambayo wavuvi mnatakiwa kusaini wiki ijayo, haisemi popote mtavua wapi. Tafadhali usiisaini mpaka iandikwe. Najua mtoto hamwamrishi baba, lakini naogopa zaidi kunyamaza.

Kadi hii nampa Bi Zuhura, mwenzetu wa umra, anarudi nyumbani kesho. Mungu akuweke, uvue mpaka uchoke mwenyewe.

Mwanao, Rehema