Rangi ya Chuma Juani

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kimepumzika tangu ulipoachana na moshi wa mkaa. Mama naye, mgongo wake unaendeleaje? Mwambie namsalimia sana. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine ndiyo haya, na nakuomba uyasome mpaka mwisho kabla hujaikunja barua kwa hasira, maana nakujua.

Barua yako nimeipata. Umesema nimwombe radhi baba mdogo, nitie sahihi karatasi yake, yaishe. Umeniandikia kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Baba, huu siubusu. Umesikia upande mmoja tu, tena wa mtu ambaye hajashika koleo tangu alipoota kitambi.

Banda la karakana unalijua: bati limeshuka, dirisha ni moja, na hata saa sita mchana ni giza. Baba mdogo akaona wateja wanapita barabarani bila kujua humo kuna kazi, akalihamishia tanuri uwanjani ili watu waone cheche. Nilimwambia kwa adabu kwamba chuma husomwa kwa rangi, na rangi yake husomwa kivulini. Kwenye jua kali, chuma ambacho jicho linakiona chekundu kama pilipili mbivu, kumbe kimeshapita huko, kimefika njano ya kiini cha yai. Ukikizamisha majini na moto huo kinakuwa kigumu kweli, lakini ukikigonga kinakatika kama kigae. Alicheka mbele ya mafundi wote. Akasema chuma ni chuma, na kwamba sasa mwanamke anataka hata moto uwekewe pazia.

Nikaona kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilitafuta pipa bovu, nikalilaza kando ya tanuri, na kila tindo ya kuvunjia mawe iliyotoka motoni niliichungulisha kwanza mle pipani nione rangi yake ya kweli. Mafundi wakanibandika jina la Mama Pipa. Waache waseme. Wiki tatu nzima wavunja mawe wa machimboni, ambao ndio wateja wetu wakubwa, hawakurudisha tindo hata moja.

Ndipo asubuhi moja nikakuta pipa halipo. Baba mdogo alikuwa anatarajia mgeni, mkandarasi mwenye kazi nyingi, akaona lile pipa linatia aibu, akalitoa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku hiyo nilikuwa na tindo ishirini za kupeleka machimboni. Niliomba nizifanyie ndani. Akaniambia nizifanyie papo hapo, mgeni aone, au nivue aproni. Nikazifanyia papo hapo.

Siku nne baadaye tindo moja ikakatika mkononi mwa mvunja mawe, na kipande kikamwingia jicho la kushoto. Jicho hilo halioni tena, baba. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kuja kuchukua oda na kutuulizia hali mmoja mmoja.

Jioni ileile baba mdogo akaniletea karatasi imeshaandikwa. Inasema kwamba mimi, kwa kutoijua kazi, niliunguza chuma bila yeye kuwa na habari. Nikitia sahihi, nabaki karakanani kufagia na kupokea wateja. Nisipotia, niondoke, na atahakikisha hakuna karakana itakayonipa nyundo.

Sasa nakuambia nisilomwambia yeye. Tindo ile niliiona. Ilipotoka majini nilisikia mlio mdogo, na nilipoifuta kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele karibu na ncha. Wewe ulinifundisha tindo ya namna hiyo hairudishwi hata motoni, inatupwa. Sikuitupa. Niliiweka kwenye kreti pamoja na nyingine. Nilitaka ikatike, baba. Nilitaka irudi imekatika mbele ya yule mkandarasi, baba mdogo aumbuke, alirudishe tanuri bandani. Hasira ilinifanya niwaze aibu yake tu. Sikuwaza kwamba tindo ina mtu anayeishika.

Nilikwenda kwa yule mvunja mawe nikamwambia hivyo hivyo. Mkewe alitaka kunitoa nje, na angekuwa na haki. Mwenyewe akaniuliza swali moja tu.

"Ulijua?"

Nikasema nilijua. Akasema basi nikaseme machimboni mbele ya wenzake, la ufa na la pipa, yote mawili, nisifiche lolote. Jana nimesema. Wamezirudisha zile tindo zote, na nyingine mbili zimekutwa na nyufa. Baba mdogo ameshanitolea sanduku langu barabarani. Yule mtu hajanisamehe, wala sikumwambia anisamehe. Nimemwambia nitakuja kila asubuhi kumfanyia kazi ambayo jicho moja haliiwezi, na mkewe akinifukuza nitarudi kesho yake.

Najua utasema najipalia makaa. Watu watanena, ndugu watanuna, na huenda nyundo nisiishike tena. Na iwe hivyo. La ufa nitalibeba mpaka kaburini na silikwepi.

Karatasi ya baba mdogo naiambatanisha na barua hii, bila sahihi. Isome mwenyewe pale ilipoandikwa kwamba sikuijua kazi. Ulinifungia ndani ya lile banda nikiwa na miaka tisa, ukanitajisha rangi moja moja mpaka nikaziona hata nikifumba macho. Kosa langu nimeshalikiri hadharani. Lakini kutia sahihi kwamba hukunifundisha, baba, hilo sitakufanyia.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wadogo na wakubwa, na wale watakaokataa salamu zangu wape vilevile.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba