Gertrude Hakutia Kitu

Likasi, tarehe 8 Juni 1975

Kwa kaka yangu mkubwa, yaya Lambert, Kapolowe

Yaya, mimi mdogo wako Hilaire ninakusalimia, pamoja na mke wako Angèle na watoto. Habari za nyumbani? Mahindi mmeshavuna? Dereva wa lori aliniambia mguu wa mama umevimba tena. Tafadhali nipe habari zake. Kazini siku hizi ninaitwa jina lingine, kama watu wote tangu serikali ipige marufuku majina ya Kikristo, lakini kwako ninaandika lile la ubatizo, maana maneno ya leo ni ya ndani ya familia.

Mimi ninaishi vizuri. Nimetanguliza hilo usije ukadhani hasira yangu ni ya mgonjwa. Nina hasira, yaya. Nimeisubiri ipoe tangu Februari, haikupoa.

Unakumbuka Julai ya mwaka jana nilipolazwa. Nilikuwa ninaenda chooni mara kumi na tano kwa siku, damu na kamasi tu, mpaka suruali ikawa hainikai kiunoni. Mlikuja wewe na wajomba wawili, mkakaa sebuleni kwangu Shituru, mkamwita mke wangu Gertrude, aliyekuwa anatoka kuniletea uji hospitalini. Ulimuuliza mbele ya wote: "Unamutiaka nini mume yako mu bukari?" Alijibu kwamba ugali anaokula ni huo huo, sahani moja na mimi. Ukasema mwanamke mlozi anaujua upande wake wa sahani. Asubuhi iliyofuata alipanda treni kwenda kwa dada yake Kolwezi. Cherehani yake mliipakia ninyi, na mpaka leo Angèle anaishonea.

Oktoba alifika munganga mpya wa hospitali kutoka Lubumbashi. Alinipima kwa bomba lenye taa, na aibu ya siku ile siwezi kuiandika. Akasema si amiba, si sumu, wala si mkono wa mtu. Utumbo mkubwa wenyewe una vidonda. Ugonjwa huo unaitwa rectocolite. Unatoka wapi, hata Ulaya hawajui. Hauishi, unalala na kuamka, lakini mtu anaweza kuzeeka nao akishika dawa. Alinipa vidonge vikubwa vya manjano. Vinageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na siku ya kwanza nilidhani ninakufa.

Leo ninaenda chooni mara mbili, kama wewe. Bukari ninakula. Pilipili nimeiacha, na vidonda vikianza kuamka ninashika wali, ndizi mbivu na samaki wa kuchemsha mpaka vitulie. Kazini nilimweleza mkubwa wangu, shefu Firmin, huku nikiangalia viatu vyangu. Hakucheka. Aliniuliza tu kama ninataka kuhamia chumba cha pampu, kwa sababu choo kiko jirani. Ilichukua dakika mbili. Jumapili nimerudi kwenye kwaya, ninaimba sauti ya nne.

Hayo ya munganga nilikuandikia Novemba. Na wewe Februari ulinijibu nini? Kwamba waganga wa hospitali wanajua magonjwa ya wazungu tu. Kwamba mwanamke ameondoka na mimi nimepona, sasa ninataka ushahidi gani tena? Barua ile niliichana. Ninameza vidonge kumi kwa siku, yaya, na wewe unachukua afya yangu kumsingizia nayo mke wangu.

Pasaka nilikwenda Kolwezi. Gertrude alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha kukaa. Nilipomaliza kumweleza nililowaficha ninyi, alisema: "Weye njo unanijua. Bale benye balisikia ninaitwa mulozi, basikie na hii." Akafunga mlango.

Kwa hiyo, ninyi mliosikia akiitwa mlozi, isikieni na hii.

Siku ile mlipofika kitandani kwangu, kabla ya kwenda kumhoji, uliniuliza: "Mbele ya kuoa, ulikuwaka muzima?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya. Damu niliiona mara ya kwanza Januari 1972, nikiwa bado katika kambi ya wafanyakazi wasiooa. Gertrude nilimwoa Agosti 1973. Nilikuwa ninafua suruali zangu mwenyewe kabla wenzangu hawajaamka. Nilijua chakula chake hakingeweza kuleta kitu kilichonianza kabla sijalijua jina lake. Nikanyamaza, kwa sababu niliona afadhali waseme mke wangu ni mlozi kuliko waseme Hilaire anajinyea.

Wewe ulimshtaki bila kujua. Mimi nilikuwa ninajua. Hasira yangu nyingine ninaiweka hapo, juu yangu mwenyewe, na ile dawa ya manjano haiifikii.

Uwaite wajomba wote wawili, na mama awepo, uwasomee barua hii toka juu mpaka chini. Nakala ya pili nimempa katekista Adrien. Akifika huko Jumapili ya tarehe 22 akakuta hujaisoma, ataisoma yeye, baada ya misa. Gertrude hajaniahidi kwamba atarudi, nami sikumwomba aahidi.

Msalimie mama, umwambie ninakula na ninalala. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awatunze.

Mdogo wako, mume wa Gertrude,

Hilaire