Udongo wa Baba Haujafa

Maabara ya Udongo,
Ghorofa ya Pili.
Jumamosi, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mama goti humsumbua asubuhi, mchana analisahau, jioni analikumbuka akitaka kuletewa kitu.

Nimesikia Baba Mdogo amekutumia karatasi za kuuza shamba la marehemu Baba utie sahihi. Zangu nimezikataa, na Dada Mkubwa zake vilevile. Nisikilize kabla hujashika kalamu.

Tangu oili chafu ya gereji ya jirani imwagike shambani, mnunuzi anaimba wimbo mmoja: udongo umekufa, shukuruni mkipata chochote. Baba Mdogo kamwamini. Lakini mimi kazi yangu ni udongo, Kaka. Ningenyamazaje?

Nilichota udongo kila upande, nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu, nikaupima. Unauchanganya na maji na dawa mbili za maabara, klorofomu na methanoli, unatikisa mpaka mkono ufe ganzi, kisha unauacha utulie. Mafuta ya vijidudu wanaoupa udongo uhai hujitenga, yakashuka na klorofomu chini ya chupa. Kijidudu akifa, mafuta ya utando unaomfunika huharibika upesi; ukiyakuta mengi, ujue wenyewe wapo na wanakula. Mashine, ambayo huyatofautisha na oili, ilipoyasoma, yalikuwa tele. Isipokuwa kando ya ukuta wa gereji. Pale hali ni mbaya, sikufichi.

Jumapili niliwaeleza Mama na Baba Mdogo sebuleni, mnunuzi akiwepo. Baba Mdogo akaniuliza kama mafuta hayo yanakaangia mayai. Wakacheka. Mnunuzi akasema mambo ya chupa hayalishi watu, akamsogezea Mama karatasi.

Mama hakuigusa. Akaniuliza pabaya pana ukubwa gani. Nikamwambia, kama sebule hii.

“Basi pale tutapauguza,” akasema. “Mimi siziki kinachopumua.”

Mnunuzi akachukua kalamu yake, akaenda zake. Baba Mdogo amenuna, simu zangu hapokei, anadai nimemvunjia heshima. Shikamoo yake ataipata kila siku. Sahihi yangu hapati.

Jana mimi na Mama tumeanza kuchanganya samadi kule ukutani. Mafundi wa gereji walikuwa wakituchungulia. Nikawaambia wakimwaga tena, tutawarudishia mlangoni kwa ndoo.

Sasa umebaki wewe. Ukizichana karatasi zako, nitafurahi. Ukizitia sahihi, utakuwa umesimama upande ule bila mama yako, na sisi bado tutalima.

Msalimie sana wifi yangu, na wanangu waambie shangazi yao anawakumbuka. Dada Mkubwa anakusalimu. Mungu akufunike kwa mkono wake huko uliko.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Kitindamimba wenu