Lisaa Limoja la Kunyonyesha

Mwenzangu, uko? Nimetoka ustawi wa jamii na mdogo wangu sasa hivi. Naandika haraka, nivumilie makosa.

Wanamchukua mtoto. Huyu aliye tumboni mwake! Zimebaki wiki tatu, na karatasi imeshaandikwa: akizaliwa tu, anapelekwa kwa mama mlezi.

Sababu ni mumewe. Yule yule aliyemvunja mkono mtoto wao wa kwanza, na mdogo wangu akamrudia. Afisa akamuuliza taratibu, "Mama, utaondoka kwake?" Akashika tumbo. Nikamfinya paja chini ya meza. Sema ndiyo, jamani! Akazidi kulipapasa tu.

Kisha akauliza, "Nitaruhusiwa kumnyonyesha kwanza?"

Kumnyonyesha! Hilo tu ndilo aliloomba.

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lisaa limoja. Muuguzi atakuwepo."

Unajua alijibu nini? "Asante sana, dada." Kwa furaha kabisa, kama kapewa zawadi. Akasaini.

Sasa tuko kituoni tunasubiri gari. Ananiuliza kama mtoto anaweza kuizoea sauti ya mama yake kwa muda huo. Nimeinamia simu, najifanya sijasikia.