Mashine Imenivusha Mwambani, Mdogo Wangu

Mdogo wangu Mwanaesha, huko Ulaya ulikoolewa,

Ni kaka yako, nahodha anayejulikana Kismayu nzima, na asiyemjua basi bado hajafika mjini. Mama anakohoa kidogo, kisha ananigombeza, kwa hiyo mzima.

Unalikumbuka lile gemu letu la boti? Pale penye mlango wa miamba ndipo nilipozama kila siku. Mimi ninayeingiza boti kisiwani Chovae huku napiga soga, nazamishwa na tivi! Nilikata usukani kama tunavyokata kwetu, kumbe waliolichora hawakujui kwetu. Nawe, ambaye hakuna aliyewahi kukuachia usukani wa boti ya kweli kwa kuwa u mtoto wa kike, ukininyang'anya padi na kunambia kwa lahaja yetu kwamba mimi ni mtu wa maneno:

"Sogea, kaka. Wewe mchu wa mdomo tu."

Unapita taratibu, kashata mdomoni, kisha unanirudishia padi nijisifu kwa wenzangu kwamba nimepita mimi. Nao wakinipongeza mimi, macho kwako.

Juzi nimekwama palepale, kwenye toleo jipya ulilonitumia. Nikakuandikia uingie mtandaoni uniendeshee. Ukajibu, "Kaka, nina zamu kazini. Bonyeza pale penye msaada, litajiendesha lenyewe."

Nikabonyeza. Lilipita bila kugusa jiwe. Halikunicheka, halikuniuliza nani alinipa unahodha. Ng'ambo ya pili nikarudishiwa boti yangu na pongezi zimejaa kioo kizima. Nikageuka nikuonyeshe, nikaona mto wa kuegemea na ukuta.

Nimetembea mimi, Mombasa, Unguja, hata Dubai wananiulizia. Lakini upweke kama ule wa kwenye mkeka wa nyumbani kwetu sijauona.

Kitu chenyewe si kibaya. Wako ambao mikono yao haiwezi, waache nao waone mwisho. Mimi mwisho wa gemu wa nini? Nilikutaka wewe, hata dakika tano.

Basi nimefuta yote, nimeanza upya mpaka mlangoni pa miamba, nikasimama. Kila nikirudi kutoka baharini nawasha, natazama boti inavyoyumba, nazima. Ukipata nafasi, hata mwezi ujao, ingia ushike usukani. Na ikiwa nafasi ya mambo haya huna tena, niambie tu, mdogo wangu. Nitabonyeza msaada mwenyewe, nijue mchezo wetu umekwisha.

Mama anakuombea dua, nami naitikia.

Kaka yako mkubwa